Unapotaka kununua fleti ya zamani Kisutu

Ukisimama Mnazi Mmoja jijini Dar es Salaam ukaelekeza uso wako upande wa bandari, Kariakoo unaiacha mgongoni na mbele yako unaanza mji mwingine. Mitaa inakuwa myembamba, majumba yanabanana bega kwa bega, na juu ya kila duka kuna ghorofa mbili, tatu au nne zenye roshani zilizoanikwa nguo za rangi zote. Hizi ndizo kata za Kisutu na Mchafukoge, ambazo wazee wengi bado huziita kwa jina moja la Uhindini. Mchafukoge, kwa jina lake tu, inamhimiza mchafu aende akaoge. Lakini tuyaache hayo.

Siku hizi familia changa zimeanza kuitazama upya sehemu hii. Mtu aliyechoka kuamka saa kumi alfajiri ili awahi basi kutoka Bunju au Mbagala hupiga hesabu, akaona kwamba fleti ya miaka ya hamsini iliyo Mtaa wa Jamhuri inampa jambo ambalo kiwanja cha pembezoni hakimpi: kwenda kazini kwa miguu, watoto kwenda shule kwa miguu, na mgonjwa kufika Muhimbili kabla foleni haijamchelewesha. Aidha, fleti hizo zilijengwa na watu walioijua joto la pwani. Dari ziko juu, kuta ni nene, madirisha yanatazamana ili upepo upite, na chumba cha kulala kinatosha kitanda, kabati na mtoto anayejifunza kutambaa. Fleti nyingi mpya zenye vioo vingi haziwezi kujivunia hilo, na umeme ukikatika wakazi wake hulijua vizuri.

Hata hivyo, kabla hujamkabidhi dalali arubuni, yakupasa ujue jinsi mitaa hii ilivyopata sura yake, maana historia yake ndiyo iliyoandikwa katika karatasi utakazoonyeshwa.

Wajerumani walipohamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891 waliupanga mji kwa mafungu, na Waingereza waliowafuata wakaukaza mpango huo: upande wa bahari kwa Wazungu, katikati kwa biashara na Wahindi, na Kariakoo kwa Waafrika. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi uwe mpaka. Katika fungu hilo la katikati familia za wafanyabiashara zilijenga duka chini na makazi juu. Ukiinua macho utaona majumba yaliyochorwa kwenye paji la ukuta jina la familia na mwaka wa ujenzi. Misikiti, mahekalu ya Kihindu na jamatkhana vikasimama humo humo katikati ya makazi, ndiyo maana hata leo mtu anaweza kuishi Mtaa wa Mosque, akasikia adhana ya alfajiri na kengele ya hekalu kabla chai haijachemka.

Kisha ukaja mwaka 1971. Miaka minne baada ya Azimio la Arusha, mwezi Aprili, Serikali ilipitisha Sheria ya Utwaaji wa Majengo. Majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Kwa wapangaji wengi Waafrika mlango wa katikati ya mji ulifunguliwa kwa mara ya kwanza. Kwa familia nyingi zenye asili ya Kihindi ulikuwa msiba, na baadhi yao walihamia Uingereza na Kanada wasirudi tena. Mambo haya mawili yote ni kweli, na katika ngazi za Kisutu utakutana na watu wa pande zote mbili, pengine wanaishi mlango kwa mlango. Baadaye baadhi ya majengo yalirudishwa kwa wenyewe, mengine yalibaki. Mwaka 1990 kazi ya Msajili iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo lilikuwapo tangu mwaka 1962, na hivyo Shirika likawa mwenye nyumba mkubwa wa mitaa hii.

Hapa ndipo msomaji anapopaswa kuwa macho. Fleti mbili zinaweza kufanana kama reale kwa ya pili, zikawa na vigae vile vile na roshani zinazotazama soko lile lile, lakini moja ikawa ni mali na nyingine ikawa ni upangaji tu. Dalali atazitangaza zote kwa neno moja: inauzwa.

Hiyo ya pili huuzwa kwa kile kiitwacho kilemba. Kwa miaka mingi kodi ya nyumba za Shirika ilikuwa chini ya bei ya soko, na mpangaji aliyetaka kuondoka alimwachia mwenzake ufunguo kwa malipo ya mkupuo. Fedha hizo zaweza kuwa nyingi kiasi cha mnunuzi kuamini kwamba amenunua nyumba. La hasha! Amenunua nafasi ya mtu mwingine, na mkataba wa upangaji si kitu ambacho mpangaji anaweza kumuuzia jirani kama baiskeli. Siku mwenye nyumba atakapotaka kulivunja jengo ili ajenge upya, mwenye kilemba hana hati ya kuonyesha. Wala jambo hilo si la kufikirika, kwani mwaka 2022 Shirika lilizindua upya sera yake ya ubia na wawekezaji, na viwanja vya katikati ya jiji ndivyo vyenye thamani kubwa kuliko vyote. Mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kulipamba jambo hili kwa maneno laini: usiweke akiba ya familia kwenye kilemba.

Ile ya kwanza, yaani fleti iliyo mali, nayo ina mafundo yake. Kwa muda mrefu sheria zetu zilitambua hati ya kiwanja pamoja na jengo zima lililosimama juu yake, basi. Ndugu watano waliorithi jumba la baba yao wangeweza kugawana ghorofa kwa mdomo, lakini hati ikabaki moja, na pengine ikabaki na jina la marehemu. Sheria Namba 16 ya mwaka 2008 ndiyo iliyoruhusu hati ya sehemu ya jengo: kila mwenye fleti anapata hati yake, na wote kwa pamoja wanakuwa na hisa katika ngazi, paa, ua na msingi, chini ya umoja wa wamiliki. Kwa hiyo swali lako la kwanza lisiwe bei. Uliza: je, fleti hii ina hati yake ya sehemu, au kuna hati moja ya jumba zima? Ikiwa ni moja, basi unaombwa kununua ahadi.

Kumbuka pia kwamba ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, chini ya dhamana ya Rais, na tunachomiliki ni haki ya kuikalia kwa muda. Muda huo huweza kuwa miaka 33, 66 au 99. Hati iliyotolewa zamani yaweza kuwa imebakiza miaka michache tu, na dalali hatakwambia. Nenda mwenyewe, au mtume wakili, kwenye ofisi ya Msajili wa Hati mkafanye upekuzi ili mjue jina lililomo, muda uliobaki, na kama kuna benki iliyoshikilia rehani. Iwapo mwenye mali anaishi Toronto au Leicester na anauza kupitia kwa mpwa wake, karatasi ya kumpa mpwa huyo mamlaka nayo ikaguliwe. Muhuri wa serikali ya mtaa ni jambo jema, lakini hauwezi kumfanya muuzaji kuwa mwenye mali.

Na ikiwa muuzaji ana ndoa? Sheria ya Ndoa, ambayo nayo ilipitishwa mwaka 1971, inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mke aliye jikoni wakati wanaume wanahesabu fedha sebuleni anaweza kwenda mahakamani kuupinga mauzo huo, na haki ikawa upande wake. Mwombe aketi nanyi, na asaini.

Baada ya karatasi, litazame jengo. Wasomaji hawajasahau Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilipoporomoka na kuua watu, wala Novemba 2024, jengo la biashara lilipoanguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Ukuta mkongwe si lazima uwe ukuta mbovu, ila hewa ya chumvi haina huruma na nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, na ikivimba hupasua zege. Kwa hiyo usitazame rangi mpya ya sebuleni. Tazama chini ya roshani, chini ya ngazi, na dari ya ghorofa ya juu kabisa iliyobeba matangi ya maji. Ukiona zege limebanduka na chuma kinachungulia, mwite mhandisi. Angalia vile vile kama jirani wa kiwanja cha pili anachimba msingi wa mnara mpya, na kama duka la chini limeondoa ukuta au nguzo ili kupanua nafasi.

Yaliyobaki hayamo katika hati yoyote. Mama mmoja mtu mzima, mwenye asili ya Kihindi, aliyezaliwa katika jumba analoishi hadi leo, aliulizwa na mwandishi ni nini mgeni anapaswa kukichunguza kwanza. “Shikamoo, Bi mkubwa,” ndivyo mazungumzo yalivyoanza. “Marahaba, mwanangu. Mwambie atazame maji. Pampu moja, familia nane. Nani analipa umeme wa pampu? Hapo ndipo utajua kama watu wanaongea.” Jumbani kwake wanaishi Mhindu, Mbohora, Mngazija, Mpemba, Mchaga na Mkinga mwenye duka Kariakoo. Hugawana mchango wa pampu na wa mfagizi wa ngazi kila mwezi, na daftari huzunguka mlango kwa mlango. Diwali sahani za vitamutamu hupanda ghorofa, Idi biriani hushuka, na Krismasi watoto hawajui tena wamekula kwa nani. Hugombana pia, hasa juu ya viatu mlangoni na harufu ya samaki.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho yako, usiende na dalali saa nne asubuhi. Nenda peke yako saa moja jioni, maji yanapopandishwa na watu wamerudi. Pitia soko la Kisutu, nunua kachori mbili za kula njiani, kisha panda ngazi taratibu ukibisha hodi kila ghorofa. Salimia, jitambulishe, na uombe kuonyeshwa daftari la michango. Halafu uliza ufunguo wa mlango wa paa uko kwa nani.