Chunga Paa ya Motokari Yako: Kutoka Likasi Mpaka Lubumbashi

Ndugu musomaji, ukitaka kujua maisha ya watu wa Likasi, simama asubuhi kando ya njia kubwa inayokwenda Lubumbashi. Usiangalie watu tu, angalia pia juu ya motokari. Utaona matela, mifuko ya unga, viti vya plastiki, valizi za wanafunzi na makala mingi. Muji wetu, ule uliokuwa ukiitwa Jadotville mpaka mwaka 1966, uko kati ya milima, kilometa karibu 120 na Lubumbashi. Familia nyingi za Kikula, Panda na Shituru ziko na mutu wao kule: mutoto anasoma kwa universite, ndugu anaoa, mugonjwa yuko hospitali. Na sisi hatujui kumutembelea mutu mikono mitupu!

Zamani mizigo ilipanda kamio, ao Land Rover yenye chuma kikubwa juu. Leo familia inajikaza na kununua jip ndogo ya okazio, moja ya zile zinazotoka Japani na kuingia kwa njia ya Dar es Salaam na Kasumbalesa. Ni motokari nzuri, lakini paa yake ni laini kama sahani. Siku ya safari baba anauliza: tutafunga wapi matela ya mutoto?

Hapo fundi wa kando ya njia anajibu: “Papa, aina mambo, tutafunga na mupira, itafika tu.” Basi, ngoja kwanza. Pandisha mukono, upitishe vidole chini ya reli za paa yako.

Kama vidole vinapita, reli zako zimeinuka. Bare zenye miguu inayozunguka reli zitashika vizuri. Kama vidole havipiti kabisa, reli zako zimelala juu ya paa, hakuna nafasi chini yake. Na kama hakuna reli hata moja, miguu ya bare inashika kwenye ukingo wa milango, ao kwenye matundu ambayo kiwanda kiliyaficha chini ya vifuniko vidogo. Usidanganywe na jina la motokari. RAV4 moja iko na reli zilizoinuka, ingine ziko zimelala, ingine haina kitu. Angalia paa yenyewe.

Reli zilizolala ndizo zinadanganya watu wengi. Mutu ananunua bare za motokari ya jirani, anazifunga kwa kamba ao kwa kipande cha mupira, anazitingisha, anasema: “Ni nguvu.” Kumbe hazikushika kitu. Reli iliyolala inataka muguu wake: kichwa chenye meno mawili, moja linabana reli upande wa ndani, lingine upande wa inje, na bulo inayavuta pamoja. Meno hayo yanatengenezwa kufuata umbo la reli ya kila aina ya motokari. Kwa hiyo ukienda kununua, sema jina la motokari, mwaka wake na namna ya reli zake. Heri kwenda nayo dukani. Na usikubali fundi akate meno kwa lime ili yaingie kwa nguvu.

Bare zikifika, fuata karatasi yake juu ya nafasi ya kuziweka. Mara nyingi zinaachana karibu sentimeta 70. Kaza bulo kidogo-kidogo, huku na huku, zisipinde.

Sasa uzito. Jip nyingi ndogo zinaruhusu juu ya paa kilo 75 mpaka 100, na uzito wa bare unahesabiwa ndani. Kitabu cha motokari kikisema 75 na bare zikisema 100, wewe fuata 75. Hesabu pamoja na watoto: bare kilo 5, mufuko mumoja wa simenti kilo 50, jumla 55. Ukiongeza mufuko wa pili, ni 105. Umepita! Lakini mifuko miwili ya unga ya kilo 25 pamoja na matela, inawezekana. Ila matela, hata kama ni nyepesi, inakamata upepo sawa tanga la mutumbwi. Ifunge mbele, nyuma na katikati, na usikimbie. Motokari yenye muzigo juu inayumba kwenye kona na inakawia kusimama. Vitu vizito viweke chini, ndani.

Nyuma ya kilometa kumi hivi, simama, shika bare kwa mikono, kaza tena. Simama tena kwenye peaje. Usione aibu kwa sababu abiria wananungunika.

Pengine utasema: “Muzigo ni wangu, ukianguka ni shauri yangu.” Hapana, ndugu. Angalia nyuma yako kwenye ile njia. Kuna kamio za shaba zinazofuatana, kuna pikipiki yenye mama na mutoto mugongoni, kuna kijana anayesukuma kinga yenye mifuko ya makala tangu usiku. Bare ikitoka, haikuangukii wewe. Inamuangukia yeye, na yeye hakukuomba kitu.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba mutu akijenga nyumba mpya, aweke ukingo juu ya paa, ili mutu asianguke na damu yake isiwe juu ya nyumba ile. Motokari nayo iko na paa. Kupenda jirani kunaanzia pale pia, kwenye bulo iliyokazwa vizuri.

Na kama feza ya bare zinazofaa haijapatikana, peleka matela kwa bus, uilipie. Mutoto atalala usiku mumoja juu ya mukeka. Kesho yake matela itafika, na hakuna nyumba itakayolia.

Safari njema, na Mungu awalinde njiani.