Ng'ombe Aliyekatwa Vipande Viwili
Nikiwa mwaka wa pili chuoni hapa Kampala, niliandika programu ya Python ya kuhesabu maneno katika insha zetu za Kiswahili. Nilitumia re.split na ruwaza \W+, yaani kata kila penye alama isiyo herufi, tarakimu wala mstari wa chini. Orodha ilitoka upesi, nikaipeleka darasani kwa furaha. Mhadhiri akaisoma, akauliza: "Ombe ni mnyama gani?" Darasa zima likacheka.

Kosa lilikuwa kwenye ritifaa. Programu iliiona kama mahali pa kukatia, hivyo ng'ombe akawa "ng" na "ombe", na ng'ambo ikawa "ng" na "ambo". Katika Kiganda, lugha yangu ya kwanza, sauti hiyo ina herufi yake moja, ŋ, ambayo isingekatwa.

Nikabadili ruwaza kuwa [^\w']+. Bado baadhi ya insha zilikatika, kwa sababu zilikuwa na ritifaa iliyopinda (’). Nikaiongeza nayo.

Tangu siku ile, kabla ya kuhesabu maneno, kwanza nayasoma. Mashine hukata inapoambiwa. Neno linaishia wapi, anajua mwenye lugha.