Popote, Pamoja na Haydom

Mwaka 1995 kampuni ya Sun Microsystems ilipoitoa lugha ya Java kwa umma, iliinadi kwa ahadi fupi: andika mara moja, endesha popote. Nilipokuwa mwanafunzi Dar es Salaam niliipenda ahadi hiyo kama mtu anavyopenda mshororo wa shairi. Ilibidi nirudi nyumbani Haydom ndipo nijiulize swali ambalo mwalimu wa fasihi angeliuliza dakika ya kwanza: hapo "popote" ni wapi?

Haydom ni mji wa nyanda za juu za Mbulu, uliokua kando ya hospitali iliyofunguliwa mwaka 1955. Ukitoka mjini kwenda vijijini, njia ni vumbi kiangazi na tope masika. Zahanati niliyoombwa kuisaidia iko huko ndani. Muuguzi wake, ambaye sote tunamwita Mama, alikuwa na shida moja tu: kujua kila wiki ni mjamzito gani amekosa kliniki. Vitabu vya MTUHA alikuwa anavijaza vizuri, lakini kitabu huandika aliyekuja. Asiyekuja hana mstari. Kwa hiyo kila Jumapili jioni alifungua ukurasa mmoja baada ya mwingine, akinakili majina kwenye daftari la shule lililoshonwa mgongo kwa uzi.

"Nitakutengenezea programu," nikamwambia. Mdomo hauna kazi nzito.

Kuchagua Java hakukuwa maringo. Mifumo mingi ya afya ukanda huu imeandikwa kwa lugha hiyo: OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006, na DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Tanzania huitumia kukusanya takwimu za vituo vya afya. Nilitaka siku moja programu yangu iweze kuongea na wakubwa wake. Nikachukua kiunzi cha Spring, nikaandika, na kwenye kompyuta yangu kila kitu kikaenda vizuri kabisa.

Kisha nikapewa seva. Ilikuwa ya ofisi moja, na ilikuja na masharti: sina mamlaka ya mkubwa wa mfumo, seva haitoki kwenda intaneti, na kumbukumbu ni gigabaiti 1 tunayogawana na programu nyingine mbili. Fungu langu megabaiti 512, basi.

Siku ya kwanza nilitoa amri ya kujenga programu, ikakwama. Kiunzi kile hakiji na vyombo vyake vyote. Ni kama mpishi anayewasha jiko kwanza, kisha ndiyo anamtuma mtoto dukani, na hapa duka lilikuwa limefungwa. Ikabidi nipande basi hadi Arusha, nitafute intaneti nzuri, nijengee programu huko, na nirudi na faili moja kwenye flashi, kila kitu kikiwa kimefungashwa ndani yake, hata Tomcat yenyewe.

Likaja suala la mlango. Kivinjari hugonga mlango namba 80, lakini kwenye Linux milango iliyo chini ya 1024 kwa kawaida ni ya mkubwa wa mfumo peke yake. Nikaomba 8080.

"Mdogo wangu," msimamizi akanijibu kwenye simu, "nikikufungulia wewe, kesho atakuja mwingine."

"Kaka, naomba huo mmoja tu."

Ilichukua wiki mbili na barua yenye mhuri. Wakati ule nilinung'unika sana. Leo naona alikuwa analinda nyumba ya watu.

Programu ikawaka. Mama akaona orodha kwenye simu yake, akacheka, akawaita wenzake waje kuona. Nami, kwa kiburi cha fundi, nikamwambia, "Mama, hilo daftari sasa liweke kabatini."

Usiku wa Jumapili moja programu ilikufa. Nilipoingia Jumatano kutazama, kumbukumbu za matukio zilikuwa zimekatika katikati, hakuna kosa lililoandikwa. Nilikuwa nimeipa Java ukomo wa megabaiti 512 nikidhani ndiyo yote itakayokula. Kumbe ukomo ule ni wa sehemu moja tu. Nje yake Java inahitaji nafasi ya kuhifadhi madarasa ya programu, na kila uzi wa kazi una fungu lake. Tomcat, usipoigusa, huruhusu nyuzi hadi 200. Kumbukumbu ya seva ilipokwisha, Linux ilichagua mlaji mkubwa ikamuua. Anayeuawa hivyo hapewi nafasi ya kuandika wosia.

Nikampigia Mama kuomba radhi. Akaniambia taratibu kwamba Jumatatu mhudumu wa afya wa kijiji alikwenda kwa pikipiki hadi kwa mama mmoja aliyekosa kliniki. Alimkuta analalamika kichwa, miguu imevimba. Presha ilipopimwa ilikuwa juu sana, akapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Yeye na mtoto wako salama.

"Lakini orodha haikuwepo," nikasema.

"Daftari sikuliacha, mwanangu. Nilikuwa nangoja kwanza nikuone."

Sikuwa na jibu.

Usiku ule nilipunguza ukomo hadi megabaiti 256, nyuzi kutoka 200 hadi 20, nikaondoa vipande nilivyoviweka kwa kupenda tu, nikaandika amri ya kuiwasha upya seva inapoamka. Haijafa tena. Kumbe muda wote ule ilihitaji kidogo sana. Mimi ndiye nilikuwa sijaiuliza.

Siku hizi orodha inatoka kila Jumamosi, na Jumapili Mama anailinganisha na daftari. Zikitofautiana, huwa naliamini daftari kwanza.