Metameta Lilivyobadili Kazi Yangu

Nashona nguo za harusi na sendofu. Zamani kila kitambaa kilichorudisha mwanga nilikiita cha "kushaini", na wateja wangu vivyo hivyo. Tulielewana, au tulidhani tunaelewana, mpaka mama mmoja alipoagiza gauni la kushaini la kumwoza bintiye. Nikamshonea la satini, zito, limekaa vizuri mwilini. Akalitazama, akanuna. Alitaka lile lenye vidude vidogo vya duara vinavyochezacheza mtu akitembea.

Shangazi yangu, aliyekuwa akitia vifungo pembeni, alisema bila kuinua kichwa: "Satini inang'aa, mwanangu. Mwenzio alitaka ya kumetameta."

Neno hilo nililijua, ila nilikuwa nimeliachia mashairi. Tangu siku ile nimeanza kulisikiliza. Kung'aa ni mwanga uliotulia. Kumetameta ni mwanga unaokuja na kuondoka, na neno lenyewe linajirudia kama mwanga wake. Tazama mbingu jioni: nyota zinametameta kwa sababu mwanga wake unayumbishwa na hewa, lakini Zuhura, ambayo ni sayari, mara nyingi inang'aa tu imetulia. Hapo "kushaini" kutakusaidia nini?

Jamaa ya neno hili ni kubwa. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inayo metameta, merimeta na mekameka. Mekameka siisikii tena mtaani. Merimeta, ambalo leo tunalitamka meremeta, limeokolewa na harusi, maana bibi harusi asipomeremeta watu watasema. Kimulimuli naye wapo wanaomwita kimetameta. Ila ukitamka "kimeta" tu, siku hizi watu wanawaza ugonjwa wa ng'ombe!

Sina ugomvi na shaini. Kiatu kilichopigwa kiwi kinashaini, na kimekaa vizuri hivyo. Lakini mteja akiingia sasa namuuliza kwanza: unataka la kung'aa au la kumetameta? Vijana hucheka, kisha wanaelekeza kidole kwenye kitambaa sahihi. Neno ninaloliandika kwenye daftari la vipimo ni lile alilochagua mteja, na msaidizi wangu anajua akate nini bila kuniuliza.

Basi nawe ukienda kwa fundi wako, mtajie mwanga unaoutaka kwa jina lake kabla hajashika mkasi.