Saa Iliyotoka Shingoni mwa Kocha

Mwaka 2003, Paul Tergat alipokimbia marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 55 na kuweka rekodi ya dunia, nilikuwa kijana wa mazoezi kule Iten, Kenya. Kundi letu zima lilikuwa na saa moja ya kupimia mbio. Kocha aliining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu, akasimama kando ya uwanja wa vumbi wa Kamariny. Ukimpita, anakuitia sekunde zako: "Sitini na nane! Kijana, legeza mabega!" Mazoezi ya barabarani hayakuwa na saa. Kasi tuliipima kwa pumzi: ukiweza kuzungumza na mwenzako, mwendo ni mwepesi, ukishindwa, umezidisha.

Mimi nilizidisha. Siku za mbio nyepesi nilizigeuza mashindano, mpaka msuli wa paja ukanichanika.

Leo nami ni kocha, na karibu kila kijana wangu ana saa ya setilaiti mkononi. Inamwonyesha umbali, kasi, mapigo ya moyo, hata usingizi alioupata. Saa kama hiyo ingeliokoa paja langu, kwa hiyo siibezi.

Viatu navyo vimebadilika. Mwaka 2019 Mkenya mwenzetu Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni mjini Vienna kwa saa 1:59:40, amevaa viatu vyenye mabamba ya kaboni, gari likimulika barabarani miale ya kumwongoza yeye na wadhibiti kasi wake. Muda ule haukuhesabiwa kuwa rekodi. Mwaka uliofuata, shirikisho la riadha la dunia, World Athletics, liliweka kikomo: soli ya kiatu cha mbio za barabarani isizidi milimita 40.

Lakini, nikirudi kwenye saa, asubuhi moja niliwakuta vijana wangu wakizunguka langoni mwa kambi, wamechoka, miguu inaburuta. Niliwauliza kulikoni. Saa zilisoma kilomita 19.6, walitaka zitimie 20. Miili ilikwisha kusema basi, na hakuna aliyeisikiliza.

Tangu siku hiyo, kila Alhamisi saa zote hubaki mezani kwangu. Makocha wenzangu, nawasihi mfanye vivyo hivyo. Kijana ajue kwanza pumzi yake, ndipo asome saa.