Barua kutoka Minnesota: Umenitaka Nimtafutie Mfadhili

Kaka Mwalimu,

Ujumbe wako kuhusu yule msichana wa Kidato cha Nne nimeupata, na picha ya ripoti yake nimeikuza kwenye simu hadi nikasoma maoni ya mwalimu wa Kemia. Mtoto anaweza, hilo halina ubishi. Umeandika, "Wewe uko huko, mtafutie mfadhili." Nilianza kukujibu papo hapo nikaona kwenye simu haitatosha, maana lazima kwanza nikueleze ufadhili huku hupatikanaje, na kwa nini kuwapo kwangu Marekani si hoja kubwa kama mnavyodhani huko Voi.

Oktoba kwetu ni mwezi wa fomu. Hapa Brooklyn Park kuna Wakenya wengi na Waliberia wengi, na wengi wetu riziki yetu ni moja: kutunza wazee na wagonjwa, hasa zamu za usiku. Jumamosi mchana baadhi yetu hukutana maktabani na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari pamoja na wazazi wao, tukiwasaidia kuomba msaada wa karo ya chuo. Mama anaingia na sare ya kazini, hajalala tangu jana. Mtoto wake anajifanya hawajuani.

Tunaanza na FAFSA, fomu ya serikali kuu. Ndiyo inayoamua nani atapata ruzuku ya Pell, ambayo kwa mwaka wa masomo wa 2025/26 inafika dola 7,395 na hairudishwi. Ndiyo inayotazamwa pia katika North Star Promise, mpango wa jimbo hili ulioanza 2024, unaomalizia karo ya vyuo vya umma kwa familia yenye mapato ya chini ya dola 80,000. Lakini watoto huja na orodha walizookota mitandaoni: shindano la dola 500 hapa, la dola 1,000 pale, insha juu ya insha. Au wanaitaka Gates, kwa kuwa jina lake linavuma, nayo huchukua wanafunzi wachache tu kwa mwaka nchi nzima. Siwakatazi. Ninachowaambia ni kwamba pesa za maana ziko kwenye fomu hii isiyo na mbwembwe na kwenye hazina za vyuo vyenyewe, na wengi wanaozikosa hawakukosa akili. Hawakumaliza fomu.

Fomu yenyewe si ngumu. Kazi iko kwa baba. Mzazi sharti afungue akaunti yake mwenyewe na akubali taarifa zake za kodi zichukuliwe moja kwa moja serikalini. Mzee mmoja alipofika hapo aliinuka, akavaa koti, akasema kijana wake hatajua mshahara wake maadamu yu hai. Tukamfuata nje. Tukamweleza kwamba hizo takwimu za kodi mtoto hazioni. Akanyamaza, kisha likatoka lililokuwa likimkera: "Ataniuliza zinaenda wapi." Na wewe unajua zinaenda wapi, Kaka. Karo ya watoto wa ndugu, hospitali, matanga, mabati ya nyumba ya mama. Fomu haina mahali pa kuyaandika hayo. Huhesabu wanaoishi chini ya paa lako hapa na kutegemea mfuko wako; watu wa nyumbani hawamo. Kwa hesabu ya fomu, anayesomesha watoto watatu kijijini ni sawa na asiyetuma hata senti.

Kuna mlango wa nyuma, na ni halali: kuiandikia ofisi ya misaada ya chuo, kueleza, na kuambatisha risiti za kutuma fedha. Wapo maofisa wanaosikiliza na wapo wasiosikiliza. Yule mzee alirudi ndani akaweka nywila yake, ila alimwambia kijana atazame dirishani kwanza.

Kisha kuna insha. Vyuo vingi hupokea maombi kupitia Common App, na insha yake haizidi maneno 650. Hapo watoto wetu huganda, kwa sababu sisi tumewalea kwamba mtu hajisifu, sifa husemwa na wengine. Binti mmoja alifika kwenye sehemu ya shughuli za nje ya darasa, yenye nafasi kumi, akaandika "kwaya ya kanisa" akaweka mikono mapajani. "Sina kingine, auntie." Nikamuuliza huamka saa ngapi. Saa kumi na moja alfajiri. Kufanya nini? Kuwaamsha wadogo zake, kuwasuka, kuwapeleka kwenye basi la shule, maana mama anatoka zamu saa moja na barabara imejaa. Jioni huwapigia watu wa bima simu kwa niaba ya nyanya yake asiyejua Kiingereza, na husubiri kwenye laini mpaka wali unaungua. Common App ina fungu kabisa la majukumu ya nyumbani, hakuna aliyemwonyesha. Tulipojumlisha saa zake za wiki zilizidi za rafiki yake wa timu ya voliboli.

Wengine huchupa upande wa pili. Kijana amezaliwa hapa, amefika Kisii Desemba moja, anaandika jinsi alivyoguswa na watoto "wenye furaha ingawa hawana viatu." Hiyo naifuta bila huruma. Namuuliza: watoto wa nani, wanaitwa nani? Kama hajui, aandike kuhusu kazi yake ya dukani.

Barua za msaada zikija, Machi na Aprili, tunakaa tena. Nyingi huchanganya ruzuku na mikopo katika safu moja, na ule mkopo wa serikali wa dola 5,500 wa mwaka wa kwanza unakaa pale kana kwamba ni zawadi. Tena kuna vyuo ambavyo ukishinda skolashipu ya nje vinapunguza msaada wao kwa kiasi hicho hicho. Maryland ililizuia jambo hilo katika vyuo vyake vya umma mwaka 2017. Kwingine muulize kabla hujasherehekea.

Sasa huyo msichana wako. FAFSA haimhusu, anayekuja kwa viza ya mwanafunzi hapati hata senti ya Pell. Kwake kilichobaki ni hazina ya chuo. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst humpima mgeni bila kutazama mfuko wa wazazi wake, na wakimkubali humlipia pengo lote. Ni vigumu mno kuingia, wewe mwenyewe unajua. Lakini vipo vyuo vidogo visivyotajwa huko, kama Macalester hapa St. Paul, alikosoma Kofi Annan, ambavyo hutazama mfuko, ila wakishamkubali mgeni humtosheleza. Usimcheke akiomba chuo ambacho hujawahi kukisikia. Wangari Maathai mwaka 1960 alikwenda kwenye chuo kidogo cha watawa huko Atchison, Kansas.

Na najua nyumbani bado tunazikumbuka ndege za Tom Mboya zilizoleta wanafunzi huku, tukidhani mkubwa fulani alinyoosha kidole akachagua. Ile ya kwanza, Septemba 1959, ilibeba wanafunzi 81, na wengi walikuwa wamejiandikia barua vyuoni na kukubaliwa. Walichokosa ni nauli.

Kwa hiyo afanye nini? Kituo cha EducationUSA Nairobi hutoa ushauri bure. Aulizie pia KenSAP, mpango walioanzisha Mike Boit, yule mkimbiaji wa medali ya Olimpiki ya 1972, na John Manners mwaka 2004 kule Iten, kwanza kwa ajili ya vijana wa Bonde la Ufa. Miaka ya mwanzo waombaji walikimbizwa hadi mita 1,500, usiniulize msichana wako angefanyaje. Yeyote anayedai ada ili ampatie skolashipu, mfukuzeni.

Jambo zito ni kalenda. Matokeo yake ya mtihani wa KCSE yakitoka Januari, maombi ya huku yatakuwa ya mwishoni mwa mwaka, na safari ni Agosti ya mwaka unaofuata. Katikati KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo huko nyumbani, itamwita chuo kikuu. Akishaanza huko, vyuo vingi hapa vitamhesabu kuwa anahama chuo, na msaada kwa wanaohama ni finyu zaidi. Asipoanza, anakaa nyumbani mwaka mzima akisubiri jambo ambalo huenda lisije. Mimi siwezi kumwamulia mtoto wa mtu hilo. Kaeni na mama yake.

Mama huyo umesema anauza mboga sokoni. Wewe umezoea fomu ya basari: muhuri wa chifu, nakala ya kitambulisho, basi. Vyuo hivi vitataka mapato yake ya mwaka, naye hana karatasi hata moja. Mkalishe, mwandike wiki moja ya biashara: ananunua kwa kiasi gani, anauza kwa kiasi gani, kinachooza ni kiasi gani. Huenda naye akataka kuondoka kama yule mzee wetu.

Na barua ya mapendekezo ni yako, si yangu. Tafadhali usiandike "ana nidhamu, ni mchapakazi, anaheshimu walimu." Barua hiyo wanayo nyingi. Uliwahi kuniambia kwamba mwalimu wa Kemia alipokuwa likizo ya uzazi msichana huyo alisimama ubaoni akawafundisha wenzake hesabu za moli hadi jioni, na wavulana wakakaa. Andika hiyo. Taja alivyosimama na alichosema walipokosea. Niletee rasimu nikusomee, na ukague kama jina la cheti chake cha kuzaliwa na lile alilosajiliwa nalo kwa KCSE yanalingana herufi kwa herufi, kwa sababu pasipoti itafuata hilo la cheti na mimi sitaki kesi ya majina mwezi wa saba.

Wasalimie wote. Za dawa za mama nimetuma Ijumaa, angalia M-Pesa.

Dada yako,
Brooklyn Park