Hatua 1,047: Tulivyoufuata Mto Wisła Bila Kutoka Kambini

Mwezi huu ukurasa wa shule unawaletea safari ya Ulaya. Najua mtauliza nauli tumetoa wapi, na kibali cha kutoka kambini tumekipataje. Tuseme ukweli mapema: hatukupanda gari wala ndege. Tulitembea kwa miguu hapa hapa, kutoka mlango wa darasa la sita, tukapita bombani, mpaka mwisho wa uwanja wa mpira.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa tunafundisha mito. Watoto walishataja Malagarasi, Ruzizi, Kongo na Nile mpaka wakachoka. Mwenzetu mmoja akafungua atlasi ya zamani, akaangukia nchi ya Polandi. Pale kuna mto unaitwa Wisła, wenyewe wanatamka Viswa. Urefu wake ni kilomita 1,047. Unaanzia milima ya kusini, unakwenda mpaka Bahari ya Baltiki kaskazini. Basi tukakubaliana: kilomita moja, hatua moja. Sisi walimu tulitangulia kusoma siku kadhaa, maana ukiongoza wenzako njia usiyoijua mtapotea wote.

Mlangoni palikuwa ndiyo mlima Barania Góra. Hapo vinatoka vijito viwili, kimoja kinaitwa Cheupe na kingine Cheusi, halafu vinaungana. Wasichana wawili wakamwaga maji, moja safi na moja yenye mkaa. Tukaanza kuhesabu.

Hatua hazijafika mia mbili tukasimama Kraków. Huu ni mji wa wafalme wa zamani. Kuna kilima kinaitwa Wawel, juu yake ngome na kanisa kuu, na mto unapita chini yake. Chuo kikuu cha hapo kilianzishwa mwaka 1364. Kila saa mtu anapiga tarumbeta juu ya mnara wa Kanisa la Maria, na wimbo unakatika ghafla katikati. Hadithi inasema zamani mlinzi alikuwa anawaonya watu kwamba maadui wanakuja, akapigwa mshale wa koo kabla hajamaliza. Watoto walipenda zaidi hadithi ya joka la Wawel. Eti fundi viatu alijaza kiberiti ndani ya ngozi ya kondoo, joka likameza, likashikwa na kiu, likanywa maji ya Wisła mpaka likapasuka!

Mbele kidogo ni Sandomierz, mji juu ya kilima. Chini ya nyumba zake wafanyabiashara walichimba vyumba na mahandaki ya kuwekea mali. Halafu Kazimierz Dolny, mji mdogo wenye maghala ya nafaka ya mawe kando ya mto. Karne ya 16 na ya 17 ngano ilikuwa inapakiwa kwenye mitumbwi na maboya ya magogo, inateremka na maji mpaka Gdańsk, na kutoka pale inakwenda kwa meli nchi nyingine. Pembeni mwa mji kuna makorongo marefu kwenye udongo laini wa manjano, mizizi ya miti inaning'inia ukutani kama kamba. Mtoto mmoja akasema, "Kumbe ni kama korongo letu la nyuma ya zahanati." Ndiyo, ila lile watu wanakwenda kulipiga picha, letu tunaliogopa mvua ikinyesha.

Hapo Kazimierz ilibidi tuwaambie na jambo la huzuni. Kabla ya vita kuu ya pili, karibu nusu ya wenyeji walikuwa Wayahudi. Mwaka 1942 Wanazi wa Ujerumani waliwaondoa, na karibu wote wakauawa. Sinagogi yao ilibomolewa. Baada ya vita jengo lilijengwa tena, likatumika kama sinema. Jengo lilirudi, wenyewe hawakurudi. Watoto walinyamaza, tukaendelea kutembea bila kuhesabu kwa sauti.

Kutoka hapo mto unapanuka. Sehemu hiyo ya katikati haikubanwa sana na kuta za saruji, kwa hiyo mto unajitengenezea visiwa vya mchanga, unavifuta, unatengeneza vingine. Ndege wa majini wanataga mayai kwenye mchanga mtupu. Kuna na biva, mnyama anayeangusha miti kwa meno na kujenga bwawa lake. Hata ndani ya jiji kuu upande mmoja wa mto una vichaka na mchanga.

Jiji lenyewe ni Warszawa, hatua mia sita na kitu, karibu na bomba letu la maji. Mwezi Agosti 1944 wenyeji waliinuka kupigana na jeshi la Wajerumani waliolikalia jiji. Walipigana siku 63 wakashindwa. Baada ya hapo Wajerumani wakafukuza watu, wakachoma na kulipua nyumba mtaa kwa mtaa. Mji wa kale ukabaki lundo la matofali. Mwaka 1945 watu walianza kurudi, wengine kwa miguu, wakakuta vifusi.

Sasa sikilizeni jinsi walivyofanya. Wakati wa vita wasanifu majengo na wanafunzi wao walikuwa wamepima na kuchora nyumba za mji. Michoro ikafichwa kwenye nyumba ya watawa mjini Piotrków. Pia walikuwa na picha za mchoraji Bellotto, aliyechora mitaa ile karne ya 18. Kwa karatasi hizo wakajenga upya, dirisha kwa dirisha. Kasri la mfalme lilianza kujengwa tena mwaka 1971 likafunguliwa 1984. Mwaka 1980 UNESCO iliuweka mji huo wa kale kwenye orodha ya urithi wa dunia, ingawa nyumba zake nyingi zina umri mdogo kuliko babu zetu.

Tulipofika Toruń, hatua mia nane na kitu, tulipumzika. Ni mji wa matofali mekundu, vita havikuuharibu sana. Alizaliwa hapo Copernicus mwaka 1473, yule aliyeandika kwamba dunia ndiyo inayozunguka jua. Wanaoka na keki za asali na viungo. Sisi tuligawana mihogo ya kuchemsha, safari ikaendelea.

Mwisho ni Gdańsk na bahari. Mwaka 1895 walichimba mfereji ili mto uende moja kwa moja baharini usilete mafuriko. Siku hizi kwenye mchanga wa mlangoni pa mto sili wanaota jua. Vita vilianzia Gdańsk tarehe 1 Septemba 1939, na mwaka 1945 katikati ya mji paliungua. Wajerumani waliokuwa wengi mjini walikimbia au walifukuzwa. Wakaja Wapolandi waliopoteza makwao mashariki, wakaanza maisha kwenye nyumba za watu wengine.

Hapo ndipo swali likatoka: "Mwalimu, kumbe na wao walikuwa wakimbizi?" Ndiyo, tena walifika mpaka huku. Wapolandi wengi wa mashariki walipelekwa Siberia kwa nguvu na serikali ya Kisovieti. Kuanzia 1942 maelfu yao wakapitia Irani wakaletwa Afrika Mashariki. Pale Tengeru karibu na Arusha waliishi kama 5,000, wengi wao akina mama na watoto. Walikuwa na shule na kanisa, na makaburi yao yapo mpaka leo. Vita vilipoisha, sehemu walizotoka zilikuwa zimebaki mikononi mwa Wasovieti. Wengine walirudi Polandi, wengi wakaenda Uingereza, Australia na Kanada. Na mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraini, Polandi ndiyo ikawa nchi ya kupokea. Zaidi ya watu milioni moja walipewa hifadhi huko.

Kwa hiyo hatukuwadanganya watoto kwamba kila mtu hurudi kwao. Tuliwaambia tu kwamba kilichoandikwa na kuchorwa kinaweza kusaidia siku moja. Tukawapa kazi: kila mmoja achore nyumba ya kwao, njia ya kwenda mtoni, mti uliokuwa uani, na majina ya majirani.

Mmoja akainua mkono. "Mimi nilizaliwa hapa kambini. Nichore nini?" Sisi walimu tuliangaliana. Mwenzake wa dawati akamjibu kabla yetu: "Chora ya bibi yako. Muulize, atakuambia."

Wazazi, ombi letu ni hilo. Mtoto akija na karatasi jioni, msimwambie aache usumbufu. Mwambieni mlango ulitazama wapi. Michoro yote tutaibandika darasani, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi mnakaribishwa kuja kuiangalia na kusahihisha tulipokosea.